Sapeur si bishoo tu

UKISHUKA kwenye boti kutoka Kinshasa ukaingia Brazzaville, usishangae kumkuta kijana kavaa suti ya waridi, kiko kisicho na tumbaku mdomoni, akitembea kwa madaha pembeni ya mtaro wa maji machafu. Huyo ni sapeur. Kwetu angeitwa bishoo au sharobaro, na angeitwa kwa kejeli. Yeye jina amejipa mwenyewe.

La Sape ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa, maana yake chama cha wapenda raha na watanashati. Kitovu chake ni Bacongo, mtaa wa Brazzaville, na chanzo chake ni enzi za ukoloni, pale maboi walipopewa nguo kuukuu za mabwana zao kama ujira.

Ng'ambo, Kinshasa, nguo ziligeuka siasa. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai, watu wavae abacost, yaani 'suti chini'. Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, akapanda jukwaani na mavazi ya Ulaya, vijana wakamfuata. Tai iliruhusiwa tena mwaka 1990.

Sasa, chuki inatoka wapi? Ni hesabu tu. Jozi moja ya viatu vya J.M. Weston inaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa, na jirani anauliza: ada ya mtoto imelipwa? Swali la haki kabisa. Ila jirani huyo huyo ndiye anayepiga makofi sapeur akipita, na wengi wa wapitao wameazima au kukodi walichovaa. Mwenyewe pengine ni fundi au dereva wa teksi. Ana miiko pia: rangi zisizidi tatu, mwili uwe safi, na ugomvi wa ngumi ni aibu.

Waliorudi kutoka ughaibuni wanaijua sehemu inayouma. Zamani kijana wa Bacongo hakuhesabiwa mpaka afike Paris na kurudi likizo na masanduku. Hakuna aliyemuuliza alilala wapi huko. Wengi walibanana chumba kimoja, wakashinda njaa ili wanunue koti. Tamaa hiyo ya Ulaya ilimnasa hata Papa Wemba: alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwaingiza watu nchini humo kama wanamuziki wake. Alifariki jukwaani Abidjan, Aprili 2016.

Na wewe mfanyabiashara wa mpakani unayewaza kumpelekea mzigo, feki acha nyumbani. Atageuza koti nje ndani, asome mshono na lebo, kisha akurudishie kwa adabu mbele ya wateja wote.