Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa hela ndogo: Anza na pawa saplai, sio kadi

Vijana wengi wa Kahama, Katoro na Geita mjini wameijua gemu kwenye mabanda ya PlayStation, kwa kulipia mechi moja moja. Sasa wengine wanataka mashine yao nyumbani: usiku ipige FC na GTA, mchana ifanye kazi za chuo au kuhariri video.

Shida ni hela. Mpya iko juu, na ukikosea kifaa kimoja tu, laki kadhaa ulizodunduliza zinageuka pambo la mezani.

Njia nafuu ipo: kununua kompyuta ya mezani iliyotumika, zile zilizotoka maofisini nje ya nchi kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, halafu kuongeza kadi ya grafiki. Lakini hapo hapo ndipo wengi wanapopigwa. Angalia haya kabla hela haijatoka mfukoni.

Kasha kwanza

Mashine hizi zina maumbo matatu. Kuna mnara, kuna nyembamba inayoitwa SFF, na kuna ndogo kabisa unayoweza kuishika kwa mkono mmoja.

Ndogo kabisa haina nafasi ya kadi ya kawaida ya grafiki. Iache, hata kama ni bei chee. Nyembamba inakubali kadi ya kimo kifupi tu. Mnara ndio unaokupa uhuru zaidi, kwa hiyo ukiupata, chukua huo.

Pawa saplai ndiyo inayoamua

Kadi ya grafiki inakula umeme kuliko karibu kila kitu ndani ya kasha. SFF nyingi za ofisini zina pawa saplai ya kati ya wati 180 na 260. Ukipachika kadi kubwa hapo, mashine itazima katikati ya mechi, au isiwake kabisa.

Usidhani utabadilisha pawa saplai baadaye kirahisi. Dell na HP wanatumia plagi na vipimo vyao wenyewe kwenye mashine nyingi za ofisi, hivyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii.

Suluhisho ni kadi inayonyonya umeme kwenye ubao mama peke yake, bila waya wa ziada. Nafasi ile inatoa hadi wati 75. Kadi za kutafuta ni GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote zina matoleo ya wati 75. Angalia ubavuni mwa kadi: GTX 1650 nyingine zina tundu la waya wa ziada, hizo hazikufai.

GT 1030 inatumia wati 30 hivi na ni rahisi kuipata, ila ni dhaifu. Ukiichukua, iwe ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina hilo hilo lakini iko chini sana kwa kasi.

Soma namba ya prosesa

Ukiambiwa "ni Core i5", bado hujaambiwa kitu. Tazama namba zinazofuata: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8.

Kizazi cha 8 kina faida mbili. i5 zake za mezani zina kori 6 badala ya 4, na ndicho Windows 11 inaanza kukikubali rasmi kwa upande wa Intel. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Mfano wa kupimia: FC 24 inataka angalau i5-6600K, RAM ya GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100. Chini ya hapo unabahatisha.

RAM mbili, SSD moja

Vipande viwili vya GB 4 vinafanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa inavisoma kwa pamoja. Kumbuka DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Kwenye diski, chukua SSD. Na kabla hujamaliza bando kupakua GB 100, jua kwamba Steam inaruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa nyumbani. Kama rafiki yako anayo gemu na wewe umenunua yako, mnaweza kuhamishiana.

Kadi feki zipo

Watu wa ukanda wa dhahabu wanajua kwamba kila king'aacho lazima kipimwe. Kadi nazo ni hivyo hivyo. Kuna kadi za zamani zilizochezewa programu yake ya ndani ili kompyuta isome "GTX 1050 Ti".

Dalili ya haraka: ukiona tundu la VGA, lile la bluu la monita za zamani, kwenye kadi inayoitwa GTX 1050 Ti au 1650, shtuka. Halafu fungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Ikikuta kadi ya kughushi, mara nyingi inaiandika FAKE.

Zipo pia kadi zilizochoshwa na uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha mfumo huo Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa sokoni. Sio zote mbovu, ila dai uicheze gemu nzito dakika 30 mbele ya muuzaji. Ikizima, ikitoa mistari kwenye skrini au joto likipita nyuzi 85, rudisha. Ukinunua, chukua risiti ya EFD na uandikiwe muda wa garantii.

Safari, umeme na vumbi

Kutoka Kariakoo hadi Shinyanga ni zaidi ya kilomita 900. Ukiagizia kwa basi, mwambie muuzaji achomoe kadi na kuifunga peke yake, maana mtikisiko unaweza kuvunja nafasi yake kwenye ubao mama. Kwa wa Geita, tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Mwanza kujaribu mwenyewe hakuhitaji tena kusubiri kivuko.

Kabla ya kuwasha, tazama nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka umeme wetu, inalipuka. Weka stabilaiza au UPS, na kiangazi pulizia vumbi kwenye feni kila mwezi.

Hela ikiwa haitoshi?

Nunua mashine nzuri na SSD kwanza, kadi ije baadaye. Grafiki ya ndani ya Intel inatosha kwa gemu za zamani kama GTA San Andreas. Kadi utaiongeza siku yoyote. Kasha na pawa saplai mbovu ndivyo vitakavyokurudisha sokoni upya.