Pilipili ya Kusagwa na Tumbo la Mutoto



Kila mama anajua kuosha sombe na kuchemusha maji ya kunywa. Lakini nani anafikiri juu ya pilipili? Tunasema: imekauka, ni kali, mikrobe haiwezi kuishi ndani. Si kweli.

Kuko mikrobe inaitwa salmonela. Inatoka mu mavi ya kuku, mbuzi, panya na ndege. Pilipili ikianikwa chini, kuku wanapita juu yake. Jua inaikausha, lakini haiue mikrobe yote. Salmonela inakaa mu bunga ya kukauka miezi mingi, kama mutu mwenye kulala usingizi. Siku mama anaitia mu chakula cha majimaji, inaamuka na kuanza kuzaa.

Mwaka 1993, kule Ujerumani, watu karibu 1,000 waliugua, wengi watoto wasiofika miaka 14. Walikula viazi vya kukaanga vya mu kifuko, vyenye kunyunyiziwa pilipili nyekundu ya kusagwa. Viazi vilipita mu mafuta ya moto. Pilipili ilitiwa kisha moto. Ni pale ubaya uliingia. Marekani vilevile, mu 2009 na 2010, watu 272 waliugua sababu ya nyama yenye kupakwa pilipili, na kiwanda kikarudisha ile nyama kutoka maduka.

Kiwanda kinaweza kurudisha, kwa sababu kila kifuko kina namba. Lakini ile bunga munapimiwa na kijiko ku soko, kutoka beseni wazi, haina namba. Hakuna mutu atapita nyumba kwa nyumba kuiulizia. Mama ndiye mulinzi.

Basi nunueni pilipili nzima, muianike juu ya kitanda cha miti, mbali na kuku. Twangeni mu kinu safi. Muweke mu kopo kavu yenye kifuniko, na musimwage kutoka kopo juu ya sufuria yenye kutoa mvuke, maana mvuke inaingiza maji. Tieni pilipili wakati supu ingali inachemuka, si ku sahani. Mwingine atasema harufu inapungua. Ni kweli, kidogo. Lakini salmonela inakufa.

Kuko mikrobe ingine yenye mbegu ngumu, hata kuchemuka haizimalize. Zinaota mu chakula kinachobaki mu sufuria mpaka jioni. Kwa hiyo mule chakula kingali moto.

Mutoto akihara, endelea kumunyonyesha. Chemusha litre moja ya maji, yapoe, tia vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazishwa, umunyweshe pole pole. Kama kuko damu mu mavi, macho yameingia ndani, ao anakataa kunywa, mulete siku ileile.

Na mujue hii: kwa mutoto mudogo, zaidi mwenye malaria ao kwashiorkor, salmonela inaweza kuingia mu damu. Hapo kunakuwa homa kali tu, hata bila kuhara. Usingoje tumbo. Mulete.