Wampembe Kabla ya Gurudumu (Sehemu ya Pili)

Wanaoandika juu ya Wampembe huanza na umbali wake: kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na ukingo wa uwanda wa Ufipa, ambako gari hufika kwa taabu kupitia Kitosi. Kisha hukata shauri kwamba mwambao huu ulijificha tangu zamani. Naona wanaipima karne ya 19 kwa kipimo cha lori. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga inakaribia 1,800. Mpando huo ulishinda magurudumu, haukushinda miguu. David Livingstone alipita katika milima hii mwaka 1872, na Joseph Thomson, aliyevuka Ufipa mwaka 1880, aliikuta nchi ya amani, yenye wakulima hodari. Wafipa walifuma nguo za pamba na kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Watu wenye jembe na nguo juu, na wenye samaki chini, hawawezi kukaa bila kutafutana.

Mtu atauliza: kama njia ya miguu ilitosha, kwa nini Waingereza walihangaika na Barabara ya Stevenson, iliyoanzwa mwaka 1881 kuunganisha Ziwa Nyasa na kusini mwa Ziwa Tanganyika? Jibu ni barabara yenyewe. Sehemu yake kubwa haikukamilika, na mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota magari. Vipande vya meli ya Good News, iliyoshushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885, vilifikishwa kwa nguvu za watu. Gari la ng'ombe lilikuwa ndoto tu. Mpagazi ndiye aliyekuwa usafiri.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba njia hizo zilipitisha pia pembe za ndovu na watumwa. Ni kweli, na uchungu huo haufutiki. Lakini biashara hiyo nayo yaonyesha kuwa mwambao ulifikika mno. Upweke wa Wampembe ulikuja baadaye, lori lilipochukua nafasi ya mpagazi na barabara kuu ikabaki juu ya uwanda. Meli ya Liemba, iliyorudi kazini mwaka 1927 baada ya kuzamishwa vitani, ilipunguza hasara hiyo kwa vijiji vya mwambao, kwa kuwa ziwa halihitaji kuchongewa mlima. Sehemu ijayo itaeleza jinsi vijiji hivyo vilivyopanga biashara yao kwa ratiba ya meli hiyo.