Kufuatilia Utendaji wa Programu za Biashara, Seva na Hifadhidata

Ukiulizwa kufuatilia utendaji wa mfumo ni nini, usijibu kwamba ni kuangalia kama kompyuta imewaka. Nimesahihisha majibu mengi ya namna hiyo, na huwa siyapi zaidi ya alama moja. Seva inaweza kuwa imewaka, feni inazunguka, na bado mteja aliyeko dirishani hahudumiwi. Jibu kamili ni hili: ni kupima mara kwa mara, kwa tarakimu, jinsi mfumo unavyofanya kazi, kulinganisha vipimo na kiwango kinachotakiwa, na kutoa tahadhari kiwango hicho kinapokaribia kuvukwa.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu. Karani anauza mifuko kumi ya saruji na kubonyeza kitufe cha kuuza. Programu inapokea ombi, seva inalichakata, na hifadhidata (vitabu vingine huiita kanzidata, yote ni sawa) inapunguza mifuko kumi kwenye akiba na kuandika mauzo. Karani haoni hatua hizo. Anaona kioo kimeganda, na foleni inaongezeka nyuma ya mteja. Kazi ya anayefuatilia ni kujua ni hatua ipi iliyokwama.

Kwenye seva tunapima matumizi ya prosesa, kumbukumbu, nafasi ya diski na mtandao. Sehemu hii wanafunzi wengi wanaijua, kwa hiyo siikawizi. Kwenye programu tunapima muda wa kujibu, idadi ya maombi kwa dakika na asilimia ya maombi yanayoshindwa.

Hapo kwenye muda wa kujibu pana mtego. Tuseme maombi 10 yamefika: 9 yamejibiwa kwa sekunde 1 kila moja, na 1 kwa sekunde 31. Jumla ni sekunde 40, wastani ni sekunde 4. Sasa tafuta mteja aliyesubiri sekunde 4. Hayupo! Tisa walihudumiwa haraka na mmoja pengine alikwenda duka la jirani. Ndiyo maana wataalamu hawaridhiki na wastani. Huuliza pia asilimia 95 au 99 ya maombi yamejibiwa ndani ya muda gani. Ukitaja jambo hili kwenye jibu lako, msahihishaji ataona kwamba umeelewa.

Hifadhidata ndiyo huchelewesha mifumo mingi ya biashara, na huchelewesha polepole. Shule moja niliyowahi kufundisha ilikuwa na mfumo wa ada uliofanya kazi vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu, kutafuta malipo ya mwanafunzi mmoja kulitosha mhasibu kwenda kunywa chai na kurudi. Hakuna kilichoharibika, kumbukumbu za malipo zilikuwa zimeongezeka tu. Jedwali lisilo na fahirisi hulazimisha kompyuta kusoma safu moja baada ya nyingine. Likiwa na safu 1,000,000, huenda zote zikasomwa. Zikipangwa kwa fahirisi, na kila hatua ikaondoa nusu ya zilizobaki, hatua 20 zinatosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 inazidi milioni moja. Kwa hiyo tunafuatilia hoja zinazochelewa, yaani maswali ambayo programu inaiuliza hifadhidata. MySQL, kwa mfano, inaweza kuziandika hoja hizo kwenye faili la pekee. Tunaangalia pia kufuli: hoja moja ikishikilia safu, nyingine zinazoihitaji hungoja.

Mfano unaofaa kuukumbuka ni HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kununulia bima ya afya. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Watu wengi mno waliingia, lakini siku ile ya kwanza waliokamilisha kujiandikisha walikuwa 6. Nyuma ya tarakimu hiyo kulikuwa na watu wasio na bima, waliohitaji iwe tayari mwezi Januari. Wahandisi walioitwa kuokoa jahazi walikuta hakuna dashibodi ya kuwaonyesha tovuti nzima inafanya nini, wakaanza kwa kuweka vipimo. Baada ya hapo ndipo walipojua pa kurekebisha. Kufikia tarehe 1 Desemba, wastani wa muda wa kujibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya sekunde 1, na makosa kutoka asilimia 6 hadi chini ya asilimia 1. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kununua seva kubwa kabla ya kupima ni sawa na kumeza dawa kabla ya kwenda maabara.

Usisahau hesabu ya upatikanaji. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Kampuni ikiahidi upatikanaji wa asilimia 99, imejiruhusu kuzimika dakika 432, yaani saa 7 na dakika 12. Ikiahidi asilimia 99.9, zinabaki dakika 43.2 tu. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini siyo kwa karani wa mwisho wa mwezi.

Zoezi: Seva ya chuo inatumia prosesa asilimia 15 na kumbukumbu asilimia 40. Hakuna makosa, na kurasa nyingine zinafunguka upesi. Ripoti ya ada peke yake inachukua sekunde 40, na kila muhula inazidi kuchelewa. Mhasibu anashauri inunuliwe seva mpya. Je, unakubali? Taja vipimo viwili ulivyotumia kuamua, kisha eleza ungechunguza nini kwanza kwenye hifadhidata.