Shimo au Pengo? Kuhusu Vichukuzi vya Chaji katika Nusu-vipitishi

Mwanafunzi wa Lubumbashi asomaye fizikia kwa Kifaransa hulikuta neno «trou», naye mara hulifasiri «shimo». Kamusi haitamlaumu, fizikia itamlaumu.

Mfano ni jerimaniumu, elementi ipatikanayo katika mawe ya Kipushi, ambayo kwayo transista ya kwanza iliundwa Marekani mwaka 1947. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje, nazo zote hushikamana na atomu nne jirani. Katika joto la kawaida la chumba, elektroni iliyo huru ni takribani moja tu kwa atomu bilioni mbili. Lakini ikitiwa atomu moja ya aseniki, yenye elektroni tano za nje, kwa kila atomu milioni moja, elektroni ya tano hukosa mshirika na kuwa huru. Vichukuzi huongezeka zaidi ya mara 1000. Hata chumvi katika mchuzi haina nguvu hiyo.

Galiumu, kinyume chake, ina elektroni tatu. Kiungo kimoja hupungukiwa. Elektroni ya jirani huja kukijaza, nayo huacha upungufu kule ilikotoka. Hivyo upungufu wenyewe husafiri. Shimo la mgodi hukaa pale lilipochimbwa. Pengo hujulikana kwa kile kinachokosekana, na ajaye kuliziba huenda akaacha pengo jingine nyuma yake.

Je, si elektroni tu zinazohama? Jaribio la Edwin Hall la mwaka 1879 lakataa. Umeme ukipita katika bamba lililo ndani ya uga wa sumaku, vichukuzi husukumwa upande mmoja, na upande huo hupata chaji yao. Penye aseniki upande huo huwa hasi. Penye galiumu huwa chanya. Elektroni zilizomo katika viungo vilivyokaribia kujaa hazitii nguvu kama zilizo huru: mwendo wao wote kwa jumla ni sawa na mwendo wa chembe moja chanya. Pengo, basi, ni kichukuzi kamili, nalo lastahili jina lake.

Ugumu mmoja wabaki. Wengine hupenda kuita «pengo la nishati» yale masafa ya nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa. Kifaransa husema «bande interdite». Na Kiswahili kiseme «ukanda uliokatazwa», neno pengo liachiwe kichukuzi.