Kanumba alivyovuka ziwa hadi Baraka

Kati ya Kigoma na Baraka kuna maji tu, na maji hayo hayajawahi kuwatenga watu. Mwaka 1996 vita viliwasukuma watu wa Fizi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kuvuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu, wakaishia katika kambi za Lugufu na Nyarugusu nchini Tanzania. Walipoanza kurejeshwa kwa meli kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005, walishuka Baraka na magodoro, masufuria, na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuiona nchi yao. Walirudi pia na mazoea waliyoyapata kambini, na mojawapo lilikuwa kutazama maigizo ya Watanzania. Katika vyumba vya video vya mji wetu, jenereta ikinguruma nje, sura iliyojaza mabenchi ilikuwa ya Steven Kanumba.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, mbali na ziwa letu na mbali na Dar es Salaam iliyompa jina. Alianza kuigiza angali mwanafunzi. Mwaka 2002 alijiunga na Kaole, kundi la maigizo lililokuwa likionekana kwenye televisheni ya ITV, na hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaomwiga wanaanzia kwenye filamu zake tu, kana kwamba alishuka na kamera mkononi.

Kaole ilikuwa shule. Ndani yake walikuwemo wazee waliokomaa, akina Mzee Kipara, Bi Mwenda na Muhogo Mchungu, pamoja na vijana wa rika lake kama Vincent Kigosi, yule Ray, na Blandina Chagula, tunayemjua zaidi kama Johari. Mchezo wa televisheni unaotoka kila wiki haumsubiri mtu apate hamasa. Lazima ujue maneno yako, ujue mwenzako atasimama wapi, na ujue kunyamaza wakati zamu si yako. Kanumba alipita katika michezo kama Jahazi na Gharika kabla ya watu kumwita nyota. Nikizitazama filamu zake leo, ninachokiona kwanza ni malezi hayo: anamsikiliza anayezungumza naye. Waigizaji wengi wa filamu za haraka-haraka hawasikilizi, wanangoja tu mwenzao amalize ili nao waseme.

Kuanzia mwaka 2006 filamu zikamchukua. Alicheza na Wanijeria, jambo lililokuwa geni kwa mwigizaji wa Kitanzania: Dar to Lagos akiwa na Mercy Johnson, kisha She Is My Sister akiwa na Nkiru Sylvanus, na mwaka 2011 Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah. Zilikuwepo pia Oprah, Uncle JJ na This Is It. Katika hizi mbili za mwisho aliwapa watoto wawili, waliojulikana kama Patrick na Jennifer, nafasi ambayo mtu mwenye wivu na jina lake asingeitoa. Aliwaachia wamzidi mbele ya kamera, na nadhani hilo linaonyesha ukubwa wake kuliko safari zote za Lagos.

Mwaka 2009 alialikwa katika jumba la kipindi cha televisheni cha Big Brother Africa, na baadhi ya Watanzania walimcheka kwa Kiingereza chake. Kwetu Fizi kicheko hicho hakikuwa na maana yoyote. Sisi tulimpendea Kiswahili. Mama anayeuza dagaa pale ufukweni, ambaye nyumbani anasema Kibembe, alimfuata Kanumba bila mkalimani, akajua nani mwongo, nani kasalitiwa, nani anastahili kusamehewa.

Alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Aliagwa katika viwanja vya Leaders kwa umati ambao jiji lile halikuwa limezoea kuuona kwa msanii, akazikwa makaburi ya Kinondoni. Kesi ya kifo chake iliisha mwaka 2017 kwa hukumu ya kuua bila kukusudia. Sitaki kukaa hapo, kifo chake kimekwisha kuandikwa sana kuliko kazi yake.

Ninalotaka kulisema linahusu huku kwetu. Katika miaka ile ile ya kurudi kwa wakimbizi, Baraka ilikuwa na waigizaji wake. Shirika la Search for Common Ground lilifanya kazi na vikundi vya maigizo shirikishi katika eneo letu. Waigizaji huenda kijijini, wanawasikiliza watu, wanakuta ugomvi wa kweli, tuseme mtu karudi kutoka Tanzania na shamba lake lina mwingine. Wanautengeneza kuwa mchezo, wanaucheza hadharani, na pale ugomvi unapopamba moto wanasimama. Kisha mtazamaji anakaribishwa apande, achukue nafasi ya mmoja wao, aonyeshe yeye angefanya nini. Mwigizaji hana budi kumjibu papo hapo, bila maandishi. Ni kazi ngumu kuliko kukariri, na kijana aliyeiweza hiyo ana msingi wa kusimama mbele ya kamera yoyote.

Lakini michezo hiyo inapita na upepo. Mara nyingi hairekodiwi, waigizaji hawalipwi nje ya mradi, na mradi ukiisha wanarudi kwenye mtumbwi au shambani. Huku nyuma, vibanda vya mjini vinajaza kadi za simu filamu za Kanumba na wenzake bila senti moja kumfikia aliyezitengeneza. Tulimpenda Kanumba kwa kumwibia, na wasanii wetu tumewapenda kwa makofi matupu.

Wakuu wa shule, wachungaji, masheikh, wenye maduka ya Baraka: mna kumbi, mna majenereta, mna simu zenye kamera nzuri. Wapeni vijana ukumbi wa mazoezi kila wiki, warekodini kwa ridhaa yao, na tozeni kiingilio kidogo kinachoingia mfukoni mwa mwigizaji. Na wewe kijana unayetaka kuwa Kanumba, anza na kikundi kilicho karibu nawe, wiki hii.