Kizazi Hakioshwi kwa Chupa

Swali ni lile lile, na huulizwa kwa sauti ya chini: "Nimeachika, naomba unielekeze dawa nzuri ya kusafisha kizazi." Anayeuliza mara nyingi haumwi, au anaumwa kitu kingine kabisa ambacho hajakitaja. Ameambiwa na shangazi, na jirani, na muuza dawa mwenye kipaza sauti mnadani, kwamba mwanamke akitoka kwa mume anabaki na "uchafu wa mwanaume" tumboni, na usipotolewa hatapata mume mwingine wala mtoto. Hapa Nyashimo, mkoani Simiyu, nimelijibu swali hili mpaka nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi.

Uchafu huo haupo. Mbegu za mwanaume hufa ndani ya siku chache, kwa kawaida hazizidi tano. Utando wa ndani wa kizazi hubomoka na kutoka kila mwezi na damu ya hedhi, kisha hujengwa upya. Mlango wa kizazi una ute wake, na uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi ya kuzuia vijidudu vingine visishamiri. Ukiingiza maji ya shabu, sabuni, ndimu, ugoro au unga wa mizizi, unawaua bakteria hao wanaokulinda. Kinachofuata ni muwasho, harufu mbaya iliyokuwa haipo, na njia rahisi zaidi kwa virusi vya UKIMWI.

Muuzaji hatakubali, atakuambia ushahidi upo: "Weka hii siku tatu, utaona mwenyewe uchafu unavyotoka." Na kweli unatoka. Vipande vyeupe, utando, maji mazito. Hapo ndipo wanawake wenye akili timamu kabisa wananaswa, kwa sababu wamejionea kwa macho yao. Dada yangu, hicho unachokiona ni ngozi laini ya uke wako iliyounguzwa ikabanduka, imechanganyika na ute na masalia ya hiyo hiyo dawa. Dawa hiyo akiwekewa msichana ambaye hajawahi kuguswa na mwanaume, naye atatoa "uchafu" ule ule. Aliyeiuza ndiye aliyekutengenezea jeraha, halafu analionyesha jeraha kama mafanikio, na wiki ijayo atakuuzia chupa ya pili ya kulitibu. Wengine wanawaambia wanawake hawa kwamba wana "nuksi ya talaka". Huo ni unyama kwa mtu aliyetoka kupoteza nyumba.

Kinachonikasirisha zaidi ni magonjwa halisi yanayojificha nyuma ya chupa hizi. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kati ya saratani za wanawake Tanzania, na dalili zake ni zile zile zinazopelekwa kwa muuza dawa: damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, majimaji yenye harufu. Kipimo chake cha awali hakitishi. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Doa likionekana mapema linaweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo. Miezi sita ya kusafisha kizazi kwa mizizi ni miezi sita ya kuiacha saratani iendelee.

Halafu kuna kichocho, na huku Simiyu hatuna udhuru wa kukisahau. Mtoto wa kike aliyekulia kwenye malambo na majaruba ya mpunga anaweza kuwa na mayai ya kichocho cha mkojo yaliyokwama kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi. Anakuwa mtu mzima, anatokwa na damu, anaumia wakati wa tendo, mume anadhani ni ugonjwa wa zinaa na kumtuhumu uzinzi. Wapo wanaorudishwa kwao kwa tuhuma hiyo. Dawa ya minyoo ya kichocho ni praziquantel, inamezwa kwa kipimo cha uzito wako, na ikimezwa mapema husaidia zaidi. Hakuna mzizi unaoyafikia mayai hayo. Ukienda hospitali na dalili hizi, taja maji uliyoogea utotoni, maana hata baadhi yetu wataalamu wa afya tunakimbilia kuandika "UTI" au "PID" na kukurudisha nyumbani na vidonge visivyohusika.

Sasa hela. Uchunguzi wa mlango wa kizazi, uzazi wa mpango, kliniki ya ujauzito, matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure katika vituo vya serikali, uwe na mume usiwe naye. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya kanda ya Bugando ilikuwa nje yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utaratibu unahamia huko, hivyo uliza kituoni kiwango cha mwaka huu kabla pesa ya pamba haijaisha. Jiandikishe kama mkuu wa kaya yako, wewe na wanao, au uingie kwenye kaya ya baba kama nafasi ipo. Huna kabisa? Pata barua ya mtendaji wa kijiji, uipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali uombe msamaha wa malipo, na uende kabla hujazidiwa. Kama mtalaka wako ni mtumishi mwenye bima ya NHIF, wewe unatoka kwenye kadi yake lakini watoto wake hawatoki, asikudanganye. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja matibabu na chanjo waziwazi kati ya wajibu wa mzazi, talaka iwepo isiwepo. Akikataa, anzia ustawi wa jamii wa halmashauri, na ubebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya kliniki.